Mkia Haujapita

Nyumbani kwa Larusi mna baiskeli moja, na si yake. Ni ya Beya, mkewe. Tangu Beya afariki, Mungu amrehemu, imesimama ukumbini karibu na mlango, na kitambaa chake chekundu bado kimefungwa kwenye keria. Larusi hupita kando yake akienda kununua mkate. Akirudi hupita tena. Hufuta vumbi tu.

Alikuwa fundi wa magodoro, mtaa wa Halfawin, mjini Tunis. Miaka yote alichambua sufu, akajaza, akashona kwa sindano ndefu. Shule hakuiona. Maneno yake machache, na watu walizoea kusema kwamba katika nyumba ile Beya alisema ya wote wawili na Larusi alinyamaza ya wote wawili.

Beya alishona nguo kiwandani, kule Ben Arous. Alikwenda kazini kwa baiskeli, akiifuata reli ya metro, zile treni za kijani zinazopita barabarani pamoja na magari. Baba yake alikuwa fundi wa baiskeli Kelibia, kwa hiyo alijua kuendesha kabla hajajua kusuka nywele zake. Alipostaafu, kiwanda alikiacha lakini reli hakuiacha. Akawakusanya wenzake wa kiwandani wenye baiskeli, akawaambia: "Tumeifuata reli moja kwa ajili ya mkate. Sasa tuzifuate zote kwa ajili yetu." Wakatoka Jumapili moja ya majira ya maua, kusini mpaka kaskazini, kisha magharibi, mstari kwa mstari, mpaka reli ilipokwisha. Mwaka wa pili wakaja waume. Mwaka wa tatu wakaja watu wasiowajua. Siku hizi ni msafara wa kuziba barabara.

Mwaka ule wa kwanza msichana mmoja alipotea, akapatikana jioni analia sokoni. Beya akaweka sheria. Mbele anakwenda kiongozi. Kila mahali ambapo njia inaiacha reli au inapinda, yule anayemfuata kiongozi anasimama hapo hapo. Anashika kona. Ananyosha mkono, anawaonyesha wenzake wapi pa kupita, mmoja baada ya mmoja, mpaka aje mkia. Mkia ni mtu wa mwisho kabisa, ambaye nyuma yake hakuna mtu. Mkia akifika anapiga kengele, anasema, "Umefunguliwa," anampa mshika kona bonge la bsisa, yaani unga wa shayiri uliokaangwa ukakandwa kwa mafuta ya zeituni na tende, na mshika kona anaondoka zake. Asiyefunguliwa haondoki. Na mwisho wa safari hakuna anayegusa sahani kabla mkia haujafika.

Mkia alikuwa Beya. Mwaka wa kwanza mpaka wa mwisho.

"Mbele kila mtu anapataka," alisema. "Nyuma nani anapataka?"

Larusi hakuwahi kwenda naye. Kila mwaka Beya alimwomba, na kila mwaka Larusi alishika goti lake.

"Mwaka ujao," alisema.

"Haya. Mwaka ujao."

Siku yenyewe ikifika, Larusi alijaza chupa ya chai, akatembea polepole mpaka Bab Saadun, akapanda metro kwenda Manuba, mwisho wa reli, akamngoja mkewe mkahawani. Njiani alikaa dirishani. Baada ya kituo cha Bardo alianza kuwaona, wengi, rangi rangi, na nyuma ya wote, peke yake, Beya na kitambaa chake chekundu. Larusi alimpungia mkono. Beya hakugeuka. Aliinua mkono mmoja tu juu, macho yakiwa barabarani. Alijua metro ipi ilikuwa na mumewe ndani yake. Alivyojua, Larusi hakumwuliza, na sasa hawezi tena kumwuliza.

Beya alifariki wakati wa baridi. Majira ya maua yalipoingia walikuja wawili kumtembelea Larusi. Mmoja ni Nejib, kiongozi wa msafara, fundi umeme, mrefu kama ngazi yake. Wa pili ni Bi Mahbuba, aliyekaa cherehani ya jirani na ya Beya kiwandani ujana wao wote. Bi Mahbuba ni mjane pia, ana kofia pana ya ukindu na ulimi usio na breki.

Walikunywa chai. Nejib alizunguka na maneno, akaishia kuitazama baiskeli ya ukumbini.

"Ami Larusi," alisema, "mkia hauna mtu. Tumekaa tukafikiri. Hatuoni mwingine wa kushika mahali pa Bi Beya, ila wewe."

"Mimi goti," Larusi alisema.

"Tutakwenda taratibu."

"Goti lilikuwepo zamani," Bi Mahbuba alisema. "Lilikuwepo hata kabla goti halijaanza kuuma."

Larusi alitazama chai yake.

"Si lazima, shemeji," Bi Mahbuba aliendelea, sauti imeshuka. "Ukisema huwezi, tutaelewa. Atashika mwingine. Lakini ukikubali, umekubali. Mkia hauna likizo katikati ya njia."

Larusi angeweza kusema hapana. Neno ni fupi, nalo alilizoea. Lakini aliona kitambaa kile kikifungwa kwenye keria ya mtu mwingine.

"Nitakwenda," alisema.

Akaitoa baiskeli ukumbini. Kila asubuhi alijifunza kwenye uchochoro, watoto wakimshangilia kama mchezaji mpira. Kiti alikiacha kama Beya alivyokiacha, kifupi kwake kidogo, na magoti yakawa yanapanda mpaka karibu na kidevu. Bsisa alikanda mwenyewe. Alikuwa ameona Beya akikanda miaka yote, na akagundua kwamba kuona si kujua.

*

Jumapili ilipofika jua lilitoka mapema na likakaza. Walianzia Ben Arous. Nejib alimfunga Larusi mfuko wa bsisa begani mbele ya watu wote, na watu wakapiga makofi. Wanawake wa kiwandani walilia. Mmoja aliubusu mkono wake. Larusi alitazama chini.

Kusini ilikwenda vizuri. Akakuta kona ya kwanza, kijana ameshika, akapiga kengele. Neno likamkwama, kisha likatoka. "Umefunguliwa." Kijana akala bonge lake, akakunja uso kidogo, akasema, "Mungu amrehemu," akaondoka. Kona ya pili hivyo hivyo. Kona ya tatu alikuwa Shedli, muuza maandazi, mtu mnene mcheshi ambaye huimba akipanda mlima na hunyamaza akishuka.

"Ami, umechelewa, nilikuwa nimeanza kuota mizizi," Shedli alisema. Akatafuna. Akaacha kutafuna. "Bsisa hii umeweka nini?"

"Chumvi."

"Kwa nini?"

"Nilidhani inawekwa."

Shedli alicheka mpaka akashika tumbo, akampiga Larusi mgongoni, akaenda. Larusi naye karibu acheke. Saa ile bado alikuwa mtu mwenye uso.

Walikwenda kaskazini mpaka Ariana, wakarudi. Hapo goti likaanza. Kwanza lilisema kwa upole, kisha likapiga kelele. Msafara ukawa mbali, ukawa rangi tu, halafu hata rangi haikuonekana. Mbele yake walibaki mume na mke, wote wanene, waliokuwa wakisimama kila kivuli, na hata hao walimwacha.

Ndipo Larusi akajua kitu ambacho dirishani hakukijua. Kutoka dirishani nyuma palionekana pazuri. Barabarani, nyuma ni upweke mtupu. Magari yanakupigia honi wewe. Mbwa wanakufuata wewe. Hakuna mgongo wa kuutazama, hakuna wa kukwambia bado kidogo. Alikumbuka kila mwaka aliposhika goti lake. Beya alikaa humu kutwa nzima, na mwisho wake alipewa chai na mwanamume aliyekuja ameketi.

Alifika Bardo anakokota baiskeli. Kituoni palikuwa na kivuli. Akakaa kwenye benchi apumue. Metro ikaja, ikafungua milango mbele yake. Ilikuwa karibu tupu, siku ya mapumziko. Hakuamua. Ukimwuliza leo atakwambia hivyo hivyo: hakuamua. Miguu ilizoea kwamba siku hii, upande huu, huenda Manuba kwa metro. Alisimama, akaingiza baiskeli, akakaa dirishani.

Milango ilipofungwa ndipo alipoelewa alichofanya. Nitashuka kituo kinachofuata, alijiambia. Ni kupumzisha goti tu.

Kati ya Bardo na Manuba kuna kona moja. Ni Khaznadar, pale reli inapopita nyuma ya ukuta mrefu na barabara inaiacha. Mgeni asiyeonyeshwa huenda kulia akapotea. Pana duka la matairi, limefungwa Jumapili, na mbele yake jua halina pa kukosea. Metro ilipunguza mwendo hapo. Larusi akaona kofia ya ukindu.

Bi Mahbuba alikuwa amesimama wima, baiskeli imeegemea mlango wa duka, mkono ameunyosha kushoto ingawa hapakuwa na mtu wa kumwonyesha. Alikuwa akitazama barabara ya Bardo. Alikuwa akiutazamia mkia.

Larusi aliinama. Alishika kamba ya kiatu, akaifungua, akaifunga. Akaifungua tena. Aliinama mpaka metro ikauacha ukuta. Alipoinua kichwa aliona alichosahau: yeye aliinama, baiskeli haikuinama. Ilisimama dirishani pamoja na kitambaa chekundu kwenye keria, na kwa kuwa dirisha lilikuwa wazi, kilikuwa kikipepea.

Kituo cha Khaznadar, mbele kidogo ya ukuta, hakushuka. Angeshuka angerudi nyuma hatua chache tu, apige kengele, aseme neno lake. Lakini angelazimika kutokea upande wa kituo, na Bi Mahbuba angeuliza. Alishuka kilichofuata, Den Den.

Na huko mambo yakazidi kuharibika. Maana mkia hauwezi kuwa mbele. Wale mume na mke walikuwa bado wako nyuma yake, wanakuja. Mzee wa watu, nywele nyeupe, akasukuma baiskeli ya marehemu nyuma ya kibanda cha sigara, akajificha. Mwenye kibanda alimtazama.

"Unamkimbia nani, haji?"

"Hakuna."

"Deni?"

"Hapana."

"Basi ni mke," mwenye kibanda alisema, akarudi kwenye redio yake.

Mume na mke walipita polepole. Mke alikuwa akisema, "Maskini yule mzee, peke yake huko nyuma na jua hili." Mume akasema, "Ni mwanamume. Angekuwa mwingine angeshapanda teksi." Larusi aliwasikia kila neno. Aliwaacha wakapita, akahesabu pumzi zake, akatoka.

Bi Mahbuba ataondoka mwenyewe, aliwaza akikanyaga. Ataona kumekuwa kimya, ataondoka. Ni mtu mzima. Ana akili.

*

Manuba walikuwa wamepanga meza chini ya miti ya mkahawa. Kuskusi ya kondoo ilikuwa imefunikwa, na hakuna aliyekuwa amefungua mfuniko. Walipoona kitambaa chekundu walisimama wote. Walipiga kengele za baiskeli zao pamoja. Nejib alimshika mabega.

"Ami. Umefika."

"Nimefika."

"Bi Beya anakuona."

Larusi aliguna tu. Walimketisha mbele, walimpakulia kwanza, nyama nzuri, na harisa ya pilipili pembeni. Mfuniko ukafunguliwa. Watu wakala. Shedli alisimulia habari ya bsisa yenye chumvi na meza yote ikacheka, na kila mtu aliyecheka alimgusa Larusi begani kwa upendo. Kila mkono ulikuwa na uzito. Kuskusi aliigeuza tu mdomoni.

Mwanamke mmoja wa kiwandani alikuwa akigawa vijiko. Kikabaki kimoja.

"Hiki cha nani?" aliuliza. "Mahbuba yuko wapi?"

Watu walitazamana. Walidhani yuko jikoni. Jikoni walidhani yuko mezani. Nejib alitoa simu, akaweka sauti ya juu, akaiweka katikati ya meza.

"Bi Mahbuba, uko wapi?"

"Kwenye kona yangu."

"Kona ipi tena? Sisi tuko mezani, tunakula."

Kilisikika kishindo cha lori huko aliko.

"Mnakulaje," Bi Mahbuba alisema, "na mkia haujapita?"

Vijiko vilisimama. Nejib hakumtazama Larusi. Hilo ndilo lilimwumiza zaidi. Wengine wote walitazama, Nejib alitazama simu.

"Ami Larusi ameshafika, bibi. Labda mmepishana tu. Labda ulikuwa umeinamia maji."

"Sikuinama mimi."

"Basi haina neno, Shedli anakuja na gari kukuchukua."

"Kona haifunguliwi kwa gari. Kuleni. Msinijali."

Akakata.

Nejib alikohoa. "Jua limempiga," alisema. "Nani hajui Bi Mahbuba na ukaidi wake. Ami, labda ulipita njia ya nyuma, ile ya shamba, eti? Wengi hupita ile." Akamtazama sasa, na macho yake yalikuwa yakimwomba. Sema ndiyo, macho yalisema. Sema ndiyo, tumalize, tule.

Mlango ulikuwa wazi. Larusi angeupita kwa kichwa tu, kukiinamisha mara moja. Meza yote ilikuwa tayari kumwamini. Walitaka kumwamini kuliko yeye alivyotaka kuaminiwa. Angebaki mkia. Kitambaa kingebaki kwenye keria. Na kwenye kona pale Khaznadar angebaki mwanamke anayeonekana mwongo.

"Nilipanda metro," alisema.

Mahali fulani paka alikuwa akitafuna mfupa.

"Kutoka wapi?" Nejib aliuliza, taratibu.

"Bardo. Nilimwona. Niliinama."

Shedli hakuweza kukaa na kimya, hakuzaliwa hivyo. "Tiketi ulikata, Ami?"

"Hapana."

"Basi hata metro umeiacha kwenye kona, haijalipwa."

Mtu mmoja alicheka, akajuta. Shedli aliuona uso wa Larusi, akashusha macho kwenye sahani yake. "Nimekosa, Ami," alisema. "Ulimi huu." Yule mume mnene alikuwa amekumbuka maneno yake ya teksi, alimtazama mkewe, mkewe akatazama pembeni. Mwanamke aliyeubusu mkono wa Larusi asubuhi alikuwa ameikunja mikono yake mapajani.

Larusi alisimama. Goti lililia, akaliacha lilie. Alichukua mfuko wake wa bsisa.

"Nikupeleke," Nejib alisema.

"Hapana."

"Tuje wawili watatu, basi. Tukusindikize."

"Nyuma ya mkia hakuna mtu," Larusi alisema.

Hayo yalikuwa maneno mengi kwa siku moja. Alipotoka chini ya miti alimsikia Nejib nyuma yake akisema kwa sauti ya chini, "Funikeni chakula." Na mfuniko ukarudi juu ya chungu.

*

Barabara ile ile, sasa kinyume. Alipita kibanda cha sigara. Mwenye kibanda aliinua mkono.

"Haji, umeamua kurudi nyumbani?"

Larusi alikanyaga. Pale asipoweza alishuka, akakokota. Metro zilimpita, zikienda na zikija, na hakugeuza uso. Jua lilikuwa limelegea alipouona ukuta mrefu, na mbele ya duka la matairi, kofia ya ukindu.

Bi Mahbuba alikuwa amesimama bado. Midomo imemkauka, vumbi limemkaa kwenye nyusi. Mkono aliokuwa ameunyosha alikuwa ameuegemeza kwenye kiti cha baiskeli yake, lakini ulielekea kushoto, kule kunakotakiwa. Alimwona Larusi akija kutoka upande usio wake. Hakumsalimu. Aligeuza uso, akatazama barabara ya Bardo, kama alivyokuwa akiitazama kutwa.

Larusi alifungua mdomo, akaufunga. Alielewa. Mkia hautoki mbele.

Alimpita bila neno, upande wa pili wa barabara, akaenda mpaka Bardo. Hapakuwa mbali kwa mtu mwenye goti zima. Alifika kwenye benchi lile la kituoni, akaligusa kwa mkono ili asiweze kujidanganya, akageuza baiskeli. Metro ilikuwa inafungua milango. Mtu ndani aliishikilia wazi, akamwambia, "Njoo, mzee, kuna nafasi." Larusi alitikisa kichwa.

Akairudia njia. Hakuna mgongo mbele yake. Mwishoni mwa njia kulikuwa na mkono ulionyoshwa kushoto, umenyooka sasa, na aliufuata ule mkono kwa sababu hakuweza kumtazama mwenye nao usoni.

Alipiga kengele ya Beya.

"Umefunguliwa," alisema.

Bi Mahbuba alishusha mkono. Aliukunja, akaukunjua, akausugua bega. Larusi akatoa bonge la bsisa. Bi Mahbuba alilipokea, akalila lote, bila maji, amesimama.

"Ina chumvi," alisema.

"Najua."

"Beya alitia tende."

"Najua sasa."

"Mlikula?"

"Walianza. Wamefunika."

Alifuta vidole kwenye suruali. Larusi alingoja. Alikuwa tayari kutukanwa, na angelikaribisha tusi kama mgeni. Halikuja.

"Nilikiona kitambaa kwanza," Bi Mahbuba alisema. "Nikacheka peke yangu. Nikasema, shemeji kapanda, goti lake limemshinda, anashuka hapo kituoni anakuja kunifungua. Ningekuchamba kidogo, tungecheka, tungekwenda zetu. Goti nani hana? Nikageuka kukungoja." Akaweka kofia yake sawa. "Kisha nikaona unafunga kiatu."

Larusi alitazama viatu vyake.

"Miaka yote ile ulikuwa unampungia mkono," Bi Mahbuba alisema. "Alikuwa akitusimulia. Mpaka kufa kwake alituambia: 'Anapita na metro yake, ananipungia.' Ungenipungia tu, Larusi. Ningepunga. Yangekwisha."

"Niliona haya."

"Ndiyo. Ukaniachia mimi nikae nayo juani."

Njia ya mwongo ni fupi, watu husema, na kweli ya kwake ilianzia Bardo ikaishia Den Den, lakini kuirudia kulikuwa kumemchukua alasiri yote na bado hajafika. Alishuka kwenye baiskeli. Alikwenda kwenye keria. Fundo lilikuwa la Beya, limekaza, na kwa vidole vya fundi wa magodoro, vilivyofungua mafundo maisha yote, lilimsumbua. Hatimaye likatoka. Alikikunja kitambaa mara mbili, akakinyosha mbele.

Alidhani atakikataa. Ndani yake, mahali pabaya, alitumaini atakikataa, aseme, lo, shemeji, basi, kifunge, imekwisha.

Bi Mahbuba alikichukua. Alikifunga kwenye keria yake mwenyewe, fundo mara mbili, akalivuta kulijaribu.

"Mwaka ujao mkia nitakuwa mimi," alisema.

Larusi alikubali kwa kichwa.

"Na wewe utashika kona."

"Kona ipi?"

"Hii."

Larusi alilitazama duka la matairi, na mlango wake wa chuma, na barabara isiyo na kivuli.

"Kiongozi ndiye anajua nani wa kusimama," alisema.

"Nejib nitamwambia mimi. Utasimama hapa, utanyosha mkono, utaitazama Bardo mpaka nije. Na mimi nimezeeka, shemeji. Naweza kuchelewa."

"Nitangoja."

"Tutaona."

Alipanda baiskeli. Larusi naye alipanda, akangoja Bi Mahbuba atangulie, kwa mazoea ya siku nzima. Bi Mahbuba hakutangulia. Alikuwa na kitambaa. Alimwonyesha kushoto kwa kidevu.

"Pita," alisema. "Wamefunika chakula."

Larusi alipita. Alikwenda mbele yake polepole, na njia yote mpaka Manuba alisikia mnyororo wa baiskeli ya Bi Mahbuba nyuma yake ukilia kwa kukosa mafuta, na hakuweza kugeuka.